Bwawa kuwa la kijani haitoshi: swali ni kijani gani

Msimu uliopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, simu yangu iliita. Ukiona mfugaji wa samaki anakupigia muda huo, jua si salamu. "Shikamoo mtaalamu. Samaki wote wako juu, wanahema." Nikamuuliza maji yana rangi gani. Akanijibu, "Kijani kabisa, mtaalamu. Kama ulivyosema."

Hilo neno "kama ulivyosema" bado linanikaa kooni. Miezi miwili kabla ya hapo kijana huyu alinipigia akilalamika kwamba sato wake hawakui ingawa maji ni ya kijani. Sikwenda kuona. Nilimjibu kwenye simu, haraka haraka, kwamba maji yakiwa ya kijani yuko vizuri, aongeze kiroba cha samadi ya kuku ili rangi isipotee. Akaongeza. Nilipofika kwake asubuhi ile nilikuta kona moja ya bwawa, upande upepo unakoelekea, ina utando kama mtu kamwaga rangi ya mafuta ya kupaka mlango. Tulitoa samaki waliokufa zaidi ya mia nne, karibu wote wakiwa wamebakiza wiki chache kufika sokoni.

Naandika haya kwa sababu kosa lilikuwa langu, na kwa sababu sisi maafisa ugani bado tunalifundisha kosa hilo hilo kila siku. Tunasema "maji yawe ya kijani", halafu tunaishia hapo. Maoni yangu ni kwamba ushauri huo ni nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowamaliza vijana. Kuna kijani kinacholisha samaki, na kuna kijani kinachokiua kile kijani kingine. Kinakiua kwa kuking'ang'ania chakula na mwanga, na pia kwa sumu yake chenyewe.

Wakazi wawili wa bwawa lako

Ukichota maji ya bwawa zuri ukayaweka chini ya hadubini utaona mwani wadogo wadogo: Chlorella, Scenedesmus, na mwani wa magamba ya kioo wanaoitwa diatomu. (Siyo mwani wa Zanzibar wa kufunga kwenye kamba, ni ndugu zake wadogo wasioonekana kwa macho.) Hawa ndio tunaowatafuta tunaporutubisha bwawa. Wanatoa oksijeni mchana, wananyonya amonia, wanaliwa na wadudu wadogo wa majini, na samaki anakula wote.

Mkazi wa pili ni sianobakteria. Zamani waliitwa mwani wa bluu-kijani na wengi bado tunawaita hivyo, lakini ni bakteria. Wana klorofili, wanatumia jua kama mmea, ila ni jamii nyingine kabisa. Ni wakongwe kuliko mmea wowote shambani kwako: hewa ya dunia ilianza kuwa na oksijeni kama miaka bilioni 2.4 iliyopita kwa kazi ya hawa. Majina utakayoyasikia ni Microcystis, Anabaena, Planktothrix, Oscillatoria. Wengine wana vifuko vya hewa ndani ya seli, kwa hiyo wanapanda juu na kushuka wanavyotaka. Maji yakitulia wanapanda, wanatandaza kivuli, na mwani mzuri anabaki gizani chini yao.

Hapo ndipo vitabu vingi vya mafunzo huishia: wanashindania mwanga na chakula, basi. Kumbe kuna jambo la tatu.

Wanapulizia dawa jirani zao

Kama umelima mahindi unaijua atrazini. Inaingia kwenye mtambo wa jani unaonasa mwanga, inauzima, gugu linakufa njaa juani. Sasa sikia hili. Mwaka 1982 watafiti Marekani walitoa kwenye sianobakteria aitwaye Scytonema hofmanni kemikali wakaiita sianobakterini. Inafanya kazi ya aina hiyo hiyo: inavuruga ule mtambo wa kunasa mwanga ndani ya mwani wengine. Baadaye ikapatikana nyingine, fishereli­ni, kutoka kwa Fischerella, nayo inapiga pale pale. Yaani hawa bakteria walikuwa na kiuagugu chao mamilioni ya miaka kabla ya duka la pembejeo kufunguliwa.

Jambo la kiumbe kutoa kemikali ya kumzuia jirani asikue lina jina, alelopathia, lililotungwa mwaka 1937 na mtaalamu wa mimea Hans Molisch. Wakulima wa nchi kavu wanalijua bila jina. Wanaotumia kilimo cha vuta-sukuma, kilichoendelezwa na icipe kule Mbita, Kenya, wanapanda desmodiamu katikati ya mahindi, na mizizi yake inatoa kemikali zinazomvuruga kiduha asishike mahindi. Pale kemikali iko upande wetu. Bwawani mara nyingi iko upande wa adui.

Ushahidi wa ziwani ulikuja mapema. Miaka ya 1970 mtafiti Kathleen Keating alifuatilia bwawa la asili liitwalo Linsley, jimbo la Connecticut. Alichukua maji waliyokulia sianobakteria, akayachuja mpaka hakuna seli hata moja, akajaribu kukuza diatomu ndani yake. Zilidumaa. Seli zilikuwa zimeondoka, lakini walichokitoa kilibaki ndani ya maji. Tena akaona kwamba maji ya aina moja yaliwazuia waliomtangulia, lakini hayakuwadhuru wale waliokuwa wanamfuata, mara nyingine hata yaliwasaidia. Matokeo yake yalichapishwa kwenye jarida la Science mwaka 1977 na 1978.

Wewe mfugaji chukua hilo kama lilivyo: maji yenyewe yanaweza kuwa na kizuizi hata kama chakula cha mwani kimejaa tele.

Yule anayemfanya jirani ampikie

Mfano mwingine unanivutia kuliko yote. Kwenye ziwa Kinneret, ile Bahari ya Galilaya ya kwenye Biblia, kuna sianobakteria aitwaye Aphanizomenon ovalisporum. Anatoa sumu inayoitwa silindrospemopsini. Watu walidhani ni sumu ya kujikinga tu. Mwaka 2010 watafiti wakaonyesha kitu kingine. Fosforasi inapokuwa haba, sumu hii inawafanya mwani wa jirani watoe nje vimeng'enya vya kuvunja uchafu na kuachia fosforasi ndani ya maji. Wanatoa vimeng'enya hata kama wao wenyewe hawana njaa. Fosforasi ikishaachiwa, Aphanizomenon anaila.

Yaani jirani anasaga, yeye anakula ugali.

Nimekupa mfano huu ili uache kuwafikiria hawa kama "uchafu wa kijani" tu. Wana mbinu. Ukiwa unashindana na mtu mwenye mbinu, kumwongezea samadi ni kumwongezea mtaji.

Tusitie chumvi

Lazima niseme ukweli wote, maana nimeshachoka na wataalamu wa nusu ukweli, mimi nikiwemo.

Kwanza, maabara siyo bwawa. Kwenye majaribio mengi kiasi cha kemikali kilichotumika kilikuwa kikubwa kuliko kinachopatikana ziwani. Ndani ya maji ya kawaida jua, bakteria wengine na upepo vinaipunguza nguvu. Mikrosistini, sumu inayojulikana kuliko zote, wanasayansi bado wanabishana kama kazi yake kweli ni kuwazuia mwani wengine au ni jambo jingine.

Pili, vita hii ina pande mbili. Tangu miaka ya 1940 mtafiti Robertson Pratt alionyesha kwamba Chlorella, mwani wetu mzuri, naye anatoa vitu vinavyozuia ukuaji. Hakuna malaika bwawani.

Tatu, kemikali haianzi vita. Anayefungua mlango ni sisi: joto, maji yaliyotulia, na fosforasi nyingi kutoka kwenye samadi na chakula. Sianobakteria akishaingia na kuwa wengi, ndipo kemikali zinapomsaidia kuweka kufuli ndani. Na hapa bwawa lako liko hatarini kuliko ziwa. Ni dogo, halina mawimbi, seli zimebanana, na maji hayabadilishwi wiki hata tatu. Kinachoweza kupotea ziwani, kwako kinakaa.

Kwa hiyo mimi sisemi kila samaki aliyekufa kauawa na alelopathia. Wale wa kijana wangu waliuawa na kukosa oksijeni: usiku ule wingi mkubwa wa kijani ulipumua, ukaimaliza hewa kabla ya jua kutoka. Ninachosema ni hiki: miezi miwili kabla, samaki walipokataa kukua, tayari kijani kizuri kilikuwa kimeshashindwa, na mimi sikujua kusoma dalili.

Kipimo cha kiwiko kinatudanganya

Karibu kila kijana aliyepita mafunzo anajua kipimo cha kiwiko. Unazamisha mkono, kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwikoni basi kijani kimezidi. Ukikiona hata baada ya kiwiko kuzama, ongeza mbolea. Wengine wanatumia sahani nyeupe iliyofungwa kwenye kijiti: ikipotea kwenye sentimita 30 hadi 40 uko salama, chini ya 25 acha kurutubisha.

Ni vipimo vizuri, sivikatai. Lakini vinapima wingi wa kijani tu. Ni sawa na kusimama barabarani, ukaona shamba limejaa kijani, ukasema mahindi yamestawi, kumbe ni magugu matupu.

Ongeza vipimo hivi, havina gharama:

*Chupa.* Chukua chupa ya maji iliyo angavu. Zamisha mkono wenye glovu mpaka kama sentimita 30 chini, usichote utando wa juu. Jaza robo tatu, funga, iweke kivulini bila kuitikisa mpaka kesho asubuhi. Kijani kikikusanyika juu kama krimu kwenye maziwa, shuku sianobakteria. Kikituama chini au kikabaki kimechanganyika, mara nyingi ni mwani wa kawaida. Kipimo hiki si hukumu ya mwisho, maana wapo sianobakteria wasioelea. Ila kinakufanya uulize swali.

*Kijiti.* Chovya kijiti kwenye utando. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia kama nywele, hizo ni nyuzi za mwani wa kijani. Kikitoka kimepakwa kama rangi, shuku.

*Pua.* Maji yenye harufu ya udongo uliolowa mvua ya kwanza, au ya uozo, yanakwambia jambo. Harufu hiyo ya udongo hutokana na jiozmini, ambayo sianobakteria kadhaa huitengeneza. Inaingia kwenye nyama ya samaki, na mteja anasema "samaki wako wana tope". Mwenye mgahawa hatakwambia mara mbili, atahamia kwa mwingine. Ukishapata shida hiyo itabidi uwaweke samaki kwenye maji safi yanayopita kwa siku kadhaa, pengine wiki na zaidi, na huko wanakonda wakati wewe unalipa umeme.

*Daftari.* Kama unalisha vilevile, joto lilelile, maji yanazidi kukolea lakini uzito wa sampuli haupandi, usiongeze samadi. Piga simu kwa mtu aje aangalie. Na huyo mtu aje kweli, asijibu kwenye simu kama mimi.

Samadi ya kuku na deni la fosforasi

Kwa nini nasema sisi ndio tunafungua mlango? Angalia kinachotokea. Unamwaga samadi ya kuku. Naitrojeni yake sehemu inapotea hewani. Fosforasi haina njia ya kwenda hewani. Inazama, inakaa kwenye tope. Msimu ujao unamwaga tena. Chakula cha samaki nacho kina fosforasi, na sehemu kubwa yake haitoki na samaki unapovuna, inabaki bwawani. Baada ya misimu mitatu minne tope lako ni benki ya fosforasi.

Sasa bwawa lenye fosforasi nyingi na naitrojeni kidogo linampenda nani? Anabaena na wenzake wanaweza kuchukua naitrojeni ya hewani na kuitumia. Chlorella hawezi. Umemtengenezea mwenzake uwanja, halafu unashangaa Chlorella kafungwa mabao.

Mwenye bwawa lililo jirani na Ziwa Victoria ana la ziada. Kati ya miaka ya 1960 na 1980 ziwa lilibadilika: diatomu aina ya Aulacoseira waliokuwa wametawala walipungua, sianobakteria wakachukua nafasi, virutubisho kutoka nchi kavu vikiwa sehemu ya sababu. Ghuba ya Winam upande wa Kisumu inajulikana kwa utando wa Microcystis, na ghuba ya Mwanza haijasalimika. Ukipampu maji kutoka ghuba iliyo kijani ukayaweka bwawani, umenunua mbegu bila kulipa.

Mrututu si jibu

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji ushauri wa kwanza siku hizi ni "weka mrututu, kijani kitaisha". Kweli kitaisha. Shaba inaua mwani. Lakini fikiria kinachofuata.

Ukiua seli zote kwa siku moja, zinapasuka, na kila sumu iliyokuwa ndani inamwagika kwenye maji mara moja. Mwaka 1979 kwenye kisiwa cha Palm, jimbo la Queensland, Australia, bwawa la maji ya kunywa liliota kijani, likatiwa mrututu. Siku chache baadaye watu 148 waliugua ini na figo, wengi wao watoto. Uchunguzi wa baadaye ulielekeza kwa sianobakteria aliyekuwamo bwawani na silindrospemopsini, ile ile sumu niliyoitaja ya Kinneret. Dawa iliua kijani, kijani kikaachia sumu.

Halafu mizoga ya seli ikioza inakula oksijeni, samaki wanahema juu. Tena kwenye maji laini, yenye chokaa kidogo, shaba yenyewe ni sumu kwa samaki. Na fosforasi? Iko pale pale kwenye tope inasubiri. Umemfukuza mwizi ukamwachia mlango wazi.

Anayekuuzia mrututu bila kukuuliza ukubwa wa bwawa, wala chokaa iliyomo kwenye maji yako, wala nani anakunywa maji ya chini yako, huyo anauza tu. Kushauri hajui.

"Lakini sato anakula mwani wa bluu-kijani!"

Najua kuna atakayesema hivi, na ana haki. Mwaka 1973 mtafiti Moriarty, akifanya kazi Ziwa George, Uganda, alionyesha kwamba sato ana tumbo lenye tindikali kali kiasi cha kuweza kuyeyusha sianobakteria, na ziwa lile limejaa Microcystis. Kwa hiyo ndiyo, sato anakula na anafaidika.

Ila sato wa Ziwa George hana msongamano wa bwawa lako, na akikosa hewa upande huu anahamia upande ule. Wako hana pa kwenda. Halafu, sumu kama mikrosistini hujikusanya zaidi kwenye ini na matumbo, na kuchemsha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwenye maji ya kunywa ya kila siku. Samaki wa bwawa lenye utando watumbuliwe vizuri, matumbo yafukiwe, wasipewe mbwa wala nguruwe. Ng'ombe na mbuzi wasinyweshwe pale.

Mwingine atasema, "Mbona spirulina inauzwa ghali kama chakula cha afya, si jamii hiyo hiyo?" Kweli. Spirulina ni sianobakteria, na ndiye anayewanenepesha heroe wadogo kule Natron na Bogoria kwenye maji ya magadi. Anabaena mwingine anaishi ndani ya azola na kurutubisha mashamba ya mpunga. Kwa hiyo sina ugomvi na jamii nzima. Hata mbwa mlinzi na mbwa mwenye kichaa wote ni mbwa. Jua uliye naye ni yupi.

Ukishatekwa, fanya hivi

1. Samadi simamisha leo. Chakula punguza nusu au acha kabisa kwa siku mbili tatu. Samaki hafi njaa kwa siku tatu, ila anakufa kwa usiku mmoja bila hewa.

2. Pampu ichezeshe maji kuanzia usiku wa manane mpaka jua litoke. Huo ndio muda wa hatari, na maji yanayotembea hayawapendezi hawa waeleaji.

3. Utando ulioko kona ya upepo uchote kwa kitambaa chepesi, ukiwa na glovu, ukafukie mbali na maji. Asubuhi kabla ya upepo kuutawanya ni muda mzuri.

4. Badilisha maji kidogo kidogo, robo kwa mara moja, kama una chanzo safi. Angalia unakomwagia. Jirani wa chini anaweza kuwa anaosha vyombo kwenye mfereji huo. Yamwagie kwenye migomba au majani, siyo kwenye mchicha unaoliwa kesho.

5. Usikimbilie kumwaga ndoo za "maji mazuri" ya jirani ili kupandikiza mwani mpya. Nimeona wengi wanafanya hivyo na kushangaa hayashiki. Ni kama kupanda maharage kwenye shamba lililopuliziwa atrazini juzi. Punguza kwanza wale waliopo na walichokitoa, ndipo upande.

6. Mkivuna, kausheni bwawa mpaka tope lipasuke, mtoe tope la juu mpeleke kwenye mahindi au migomba, mpake chokaa. Hilo tope ni mbolea mliyokwisha kulipia. Hakuna kazi inayochosha kama hiyo na hakuna inayolipa kama hiyo.

Neno kwa maafisa wenzangu

Vijana hawa hawafugi kwa kujifurahisha. Yule wa kwangu alichukua mkopo wa kikundi, na wenzake wanne ndio wadhamini. Samaki walipokufa hakupoteza kitoweo, alipoteza uso mbele ya watu. Alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki bila kunilaumu, na hilo liliniuma kuliko kama angefoka.

Tumewapa sentensi rahisi kwa sababu ni rahisi kuisema kwenye semina ya siku moja: maji yawe ya kijani. Tukiongeza swali moja tu, "kijani gani?", tutawalazimisha kuchukua chupa, kuangalia, kunusa, kuandika. Na sisi tutalazimika kutoka ofisini kwenda kuona. Hadubini moja ya wilaya ikihudumia mabwawa ya kata zote si ndoto kubwa. Ziko zinazokaa na vumbi kwenye maabara za shule.

Kijana mwenyewe amerudi kazini. Alikausha bwawa, tukatoa tope mpaka mgongo ukakataa, mahindi ya mama yake upande ule mwaka huu yako kimo cha nyumba. Ameweka vifaranga wachache kuliko zamani. Kila Jumamosi ananitumia picha ya chupa yake imesimama dirishani, na mimi kila Jumamosi nafungua picha hiyo kabla ya chai.

Jumamosi iliyopita kijani kilikuwa kimetuama chini.

Basi leo jioni nenda na chupa kwenye bwawa lako. Kesho asubuhi iangalie kabla hujagusa kiroba cha samadi. Ukiona kimepanda juu, nitumie picha, niambie na bwawa liko wapi. Safari hii nakuja kuona mwenyewe.